Wewe ni Mtoto wa Nani?

Leo naomba mnivumilie, maana nataka kuwapeleka mbali kidogo, mpaka milima ya Karpati huko Ulaya, kwa watu ambao wengi wenu, kama mimi mwenyewe zamani, hamjawahi hata kuwasikia. Nina neno kuhusu watu wanaofunga safari kwenda kutafuta vijiji vya mababu zao, na sijaona mfano unaolieleza neno hilo vizuri kuliko huu.

Ilianzia kwenye boti ya kwenda Unguja. Pembeni yangu aliketi mama mmoja wa Kimarekani, mwalimu mstaafu kutoka Pennsylvania. Alikuwa amejifunza Kiswahili kidogo na, kama walivyo wageni wengi, hakukawia kuniuliza mimi ni kabila gani. Nikamjibu. Halafu, kwa utani tu, nikamrudishia swali lake: "Na wewe je, mama? Kabila gani?" Nilitegemea acheke, aseme Mmarekani, yaishe. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mrusini."

Nikadhani nimesikia vibaya. "Mrusi?" Akatikisa kichwa. Si Mrusi, Mrusini. Alikuwa amelisahihisha kosa hilo maisha yake yote, na nadhani alikuwa ameshachoka. Basi bwana, muda wote uliobaki mpaka tunaiona Forodhani alinisimulia, Kiingereza na Kiswahili vikipokezana. Nilivyorudi Dar nikaanza kusoma mwenyewe, maana kazi yangu ya gazeti imenifundisha nisiandike kila nilichosimuliwa na abiria.

Warusini ni akina nani? Ni wakulima na wachungaji wa milimani, wenye lugha ya Kislavi, ambao vijiji vyao vimetapakaa kaskazini mashariki mwa Slovakia, kusini mashariki mwa Poland (ambako huitwa Walemko), na katika mkoa wa Zakarpattia ulioko Ukraine. Wengine wako Romania, na wengine walihamia zamani Vojvodina, Serbia. Kwa dini wengi wao ni Waorthodoksi au waumini wa Kanisa Katoliki la Kigiriki, lile lililo chini ya Papa lakini linasali kwa ibada za Mashariki. Nchi yao wenyewe hawana. Machi 1939, Zakarpattia ilitangaza uhuru kwa jina la Ukraine ya Karpati, na uhuru huo haukudumu hata siku mbili kabla ya jeshi la Hungaria kuukanyaga.

Halafu kuna kitu kilichonichekesha. Kwa Kirusini, "baba" maana yake ni bibi! Yaani mama wa mama yako au wa baba yako ndiye unayemwita baba. Babu ni "dido". Na ukimuuliza mzee wa kijijini huko anaongea lugha gani, mara nyingi hakutajii jina la lugha. Atakwambia anaongea "po-našomu". Hebu tafsiri hilo kwa Kiswahili. Kikwetu! Ndivyo anavyojibu hata mzee wa Lushoto au Newala ukimkuta akiongea na mwenzake.

Sasa tuje kwenye hoja. Kati ya miaka ya 1880 na 1914 Warusini wapatao 225,000 walikwenda Marekani. Milimani ardhi ilikuwa finyu na watoto walikuwa wengi. Wanaume wakaenda kuchimba makaa ya mawe na kufanya kazi kwenye viwanda vya chuma, hasa Pennsylvania. Wengi walidhani wataenda miaka mitatu minne, wakusanye fedha, warudi wanunue shamba na ng'ombe. Wengine walirudi kweli. Wengine walibaki, ikaja vita ya 1914, ikaja sheria ya Marekani ya 1924 iliyobana uhamiaji, na mlango ukafungwa.

Babu wa yule mwalimu alikuwa mmoja wao. Mjukuu alipoanza kumtafuta kwenye makaratasi, akakuta kichekesho. Hati ya meli ilisema babu ametoka Hungaria. Sensa moja ya Marekani iliandika Austria. Sensa iliyofuata ikaandika Czechoslovakia. Majirani walimwita Mrusi. Karatasi tatu, nchi tatu, mtu yule yule mmoja. Kitu pekee ambacho hakikubadilika ni kijiji, na hata chenyewe kilikuwa na majina zaidi ya moja, maana watawala wa Hungaria walikuwa na jina lao. Mji wa Medzilaborce ulikuwa Mezőlaborc. Svidník ulikuwa Felsővízköz. Mtu anayetafuta kwa jina moja tu anaweza kupotea miaka kumi.

Wala asifikirie mtu kwamba makarani walikuwa wazembe. Nchi ndizo zilizokuwa zinahama. Mrusini aliyezaliwa kijiji cha Zakarpattia mwaka 1910 alizaliwa raia wa Austria-Hungary, akasoma shule Czechoslovakia, mwaka 1939 akajikuta tena chini ya Hungaria, baada ya vita ya pili akawa raia wa Umoja wa Kisovieti, na kama Mungu alimjalia kufika 1991 alikufa raia wa Ukraine. Na wala hakuhama nyumba! Mtu kama huyo ukimuuliza kwao ni wapi, akutajie nini zaidi ya kijiji?

Ndiyo maana naanza kwa kuwatetea hawa wasafiri. Nilipomsimulia mwenzangu mmoja pale chumba cha habari, alicheka sana. "Hao wana hela za kuchezea," alisema. "Nyumba zimebomoka, watu wamekufa, mtu anapanda ndege kwenda kuangalia nini?" Naelewa kwa nini alisema hivyo. Lakini nadhani anakosea. Mwenye taifa lenye bendera, timu ya mpira na sarafu anaweza kukaa bila kukijua kijiji cha babu yake na bado akajua anatoka wapi. Mrusini hana hayo yote. Kwake kijiji ndiyo nchi. Asipokijua, hana kingine cha kushika.

Na kuna pingamizi jingine, zito zaidi, ambalo nilijiuliza mwenyewe. Sisi wengine tumelelewa tukiambiwa kwamba ukabila ni sumu. Tuliona kwa jirani zetu Rwanda mwaka 1994 mwisho wa kumpima mtu kwa kilichoandikwa kwenye kitambulisho. Sasa huku kuchimba damu na asili, si ndiko kunakoanzia maafa?

Nimeliwaza sana hili. Jibu langu ni kwamba kwa Warusini maafa yalitoka upande wa pili, kwa serikali zilizotaka kila mtu aingie kwenye kisanduku kimoja walichomchagulia. Baada ya vita ya pili ya dunia, tawala za kikomunisti ziliamua kwamba hakuna watu wanaoitwa Warusini, wote ni Waukraini. Shule zikabadilishwa lugha. Kanisa lao la Kigiriki likafutwa, Zakarpattia mwaka 1949 na Slovakia mwaka 1950, na Askofu Pavel Gojdič wa Prešov akafia gerezani mwaka 1960. Slovakia, wazazi wengi walioambiwa watoto wao wasome Kiukraini waliona heri wasome Kislovakia, yaishe. Kizazi kizima kikajifunza kunyamaza. Utawala ule ulipoanguka mwaka 1989, watu wakaanza kutokeza. Machi 1991 kongamano la kwanza la dunia la Warusini likafanyika Medzilaborce, na Januari 1995 lugha yao ikatangazwa rasmi Slovakia kuwa na maandishi sanifu.

Tazameni na sensa za Slovakia. Mwaka 2011, mtu alipotakiwa kutaja asili moja tu, waliojiandikisha Warusini walikuwa 33,482. Mwaka 2021 serikali ikaruhusu mtu ataje asili mbili akipenda. Idadi ikafika 63,556. Hawakuwa wamezaana kiasi hicho kwa miaka kumi! Walikuwepo siku zote, wakiishi kama Waslovakia na Warusini kwa pamoja, ila hakuna aliyewauliza swali vizuri. Kwa hiyo mimi siogopi mtu anayetafuta asili yake ili aongeze jambo juu ya alivyo. Ninayemwogopa ni yule anayeitafuta ili apunguze watu wengine.

Hadi hapo niko upande wa wasafiri. Sasa naomba niwaguse na wao kidogo.

Siku hizi ukitaka unaweza kumtafuta babu yako bila kuinuka kitini. Vitabu vya ubatizo vya makanisa ya Slovakia vimepigwa picha, vingi vinasomeka kwenye mtandao. Hati za meli zilizofika New York zipo. Vipimo vya vinasaba vinauzwa, unatema mate kwenye kichupa, unaletewa majibu kwa asilimia. Yule mwalimu alifanya yote hayo. Alipata mpaka namba ya nyumba, maana vitabu vile vya kanisa viliandika mtoto kazaliwa nyumba namba ngapi. Akasema alijiona kama amekwisha kufika.

Akasafiri mpaka kijijini, karibu na Svidník, kwenye vilima vile ambavyo vita vya vuli ya mwaka 1944 vilivichakaza vibaya sana. Nyumba ya namba ile haikuwepo. Kanisa lilikuwepo. Akamkuta bibi kizee mmoja anapalilia mboga nyuma ya uzio. Mwalimu akalitaja jina la ukoo wa babu yake kwa furaha, akidhani sasa atakumbatiwa. Bibi akacheka. Nusu ya kijiji kilikuwa na jina hilo! Akamuuliza swali ambalo hata bibi yangu mimi humwuliza kila mtoto mgeni anayepita uani kwake: wewe ni wa nani?

Kumbe kijijini humo, kwa kuwa majina ya ukoo yanafanana, kila kaya ina jina lake la utani ambalo watu wanaitana nalo. Huenda babu wa kale alikuwa mfua chuma, huenda alikuwa kiwete, jina likaganda kwa wajukuu. Jina hilo haliandikwi kanisani, haliandikwi kwenye hati ya meli, na hakuna mate yatakayolitaja. Linakaa kwenye midomo ya watu. Bibi alitaka jina hilo ili amwambie mgeni wake ni ndugu wa nani, na yeye hakulijua.

"Mama yangu alilijua," aliniambia pale kwenye boti. "Nina hakika. Alikuwa anaongea Kirusini na wazazi wake kila siku. Alifariki miaka minne kabla sijaanza kutafuta. Nilikuwa na mama ndani ya nyumba, nikaenda kumuuliza bibi wa watu."

Sikuwa na la kumjibu.

Mfano mkubwa wa jambo hili ni Andy Warhol, yule msanii wa makopo ya supu. Watu wengi wanamjua kama Mmarekani kuliko Wamarekani wote, lakini wazazi wake walikuwa Warusini wa kijiji cha Miková, na jina la nyumbani ni Warhola. Yeye alizaliwa Pittsburgh mwaka 1928. Mama yake, Julia, aliyefika Marekani mwaka 1921, aliishi naye New York kwa miaka mingi, na mwandiko wake wa mkono umo kwenye kazi za mwanawe. Mwana hakuwahi kukanyaga Miková mpaka anafariki mwaka 1987. Mwaka 1991 pakafunguliwa makumbusho ya kazi zake Medzilaborce, mji ulio karibu na kijiji hicho, na wageni wanasafiri kutoka mbali kwenda kuona alikotoka mtu ambaye yeye mwenyewe hakwenda. Simlaumu. Wakati wake safari ya kule ilikuwa ya kuvuka pazia la chuma. Ninachosema ni kwamba kijiji kilikuwa jikoni kwake, kinapika.

Hebu fikirieni pia vijiji ambavyo havipo tena. Kuanzia tarehe 28 Aprili 1947, serikali ya Poland iliendesha Operesheni Wisła. Watu wapatao 140,000, Waukraini na Walemko, walitolewa majumbani mwao, wakapakiwa kwenye mabehewa na kutawanywa magharibi na kaskazini mwa nchi, wasije wakakaa pamoja tena. Kabla ya hapo wengine wengi walikuwa wamepelekwa Ukraine ya Kisovieti. Seneti ya Poland ililaani operesheni hiyo mwaka 1990, lakini vijiji vingi vilikuwa vimeshageuka mahame. Anayekwenda leo anakuta msalaba wa jiwe kando ya njia, makaburi kwenye nyasi, na miti ya matunda katikati ya pori. Sisi tunaijua alama hiyo. Ukikuta mwembe mkubwa porini ambako hakuna nyumba, unajua hapa palikaa watu, na mara nyingi wazee watakwambia walihama lini, mwaka upi wa operesheni ya vijiji.

Upande wa Slovakia nako, miaka ya 1980, vijiji saba viliondolewa ili kulinda maji ya bwawa la Starina. Vikiwemo Ruské na Zvala. Nyumba zikabomolewa, makaburi yakabaki, na wazao wa watu wa huko bado wanarudi kuyasafisha. Mahali kama hapo msafiri hana bibi wa kumuuliza chochote nyuma ya uzio. Anachokijua ni kile tu alichosimuliwa nyumbani kwao kabla ya kuondoka.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Safari ya kijiji cha babu ni jambo jema, lakini ianzie sebuleni. Kabla ya kukata tiketi, kabla ya kutema mate kwenye kichupa, kaa na mkubwa wa ukoo uliyenaye, hata kama anasahau, hata kama anarudia hadithi ile ile mara tano. Kwenye ile mara ya tano ndipo linapotoka jina. Chukua majina ya utani, ya visima, ya mashamba, nani aligombana na nani. Vitabu vya kanisa vitakungoja. Vimeshangoja miaka mia mbili. Yeye hatangoja.

Na ukisafiri, usiende na kamera tupu na mikono mitupu. Kule kijijini walibaki watu wanaojiuliza maswali yale yale kutoka upande wa pili: yule kaka aliyekwenda Marekani mwaka 1909 akaacha kuandika barua, alikufa mgodini, alioa, alizaa? Mwalimu alikuwa amebeba nakala za picha za zamani za Pennsylvania. Akaziacha kwa yule bibi. Anasema bibi alizitazama picha zile muda mrefu kuliko alivyomtazama yeye.

Tatu, usiahirishe. Aliyepanga kwenda mwaka 2020 alizuiwa na korona. Aliyesema atakwenda Zakarpattia mwaka 2022 alikuta vita imeanza mwezi Februari. Vijana wa vijijini huko wanahamia mijini na nchi za magharibi, na wanaobaki nyuma ya uzio ni wachache na wazee.

Nimalizie kwa kujisema mwenyewe, maana si vizuri kuwatolea watu wa Pennsylvania mawaidha halafu mimi najificha. Mimi mtoto wa mjini. Kazi yangu ni kuuliza watu maswali, nimeshawauliza mawaziri, wachezaji na wezi wa kuku. Lakini wiki ile niliyotoka Unguja ndiyo mara ya kwanza kumpigia bibi yangu simu na kumuuliza walikaa wapi kabla ya kuhamishiwa kijiji walichopo sasa. Kwanza alidhani nimefukuzwa kazi. Nilipomhakikishia si hivyo, akaniuliza: "Leo ndiyo umekumbuka, mjukuu wangu?"

Akanitajia majina matatu ya mahali. Mawili sikuwahi kuyasikia. Nikayaandika kwenye daftari la kazini, kati ya maelezo ya kesi ya mahakamani na namba ya simu ya fundi. La tatu alisema atalikumbuka vizuri kesho, nimpigie tena asubuhi kabla hajaenda shamba. Nimeweka saa iniamshe.

Na wewe unayesoma hapa, ni wa nani? Jina la ukoo unalijua, sikuulizi hilo. Nakuuliza lile jingine. Nawasilisha.